Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Roki ya Kwanza ya Uingereza Lupangoni

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu wa Lubumbashi anayetaka kuwakusanya vijana wa mtaani kwake jioni moja, awasikilizishe nyimbo za roki zilizorekodiwa Uingereza kati ya mwaka 1954 na mwaka 1962, na awafanye wazisikie kweli, wala si kuzipigia makofi ya adabu kwa sababu mwenye nyumba ni mkubwa wao. Nimeandaa jioni za namna hii katika lupango wetu, yaani ua wa nyumba yetu, huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kwa miaka kadhaa, kila inapoingia kiangazi na mvua haitishii tena, na jambo moja limenithibitikia kila mara: usianze na Beatles, lile kundi maarufu la Liverpool. Mwaka wa kwanza nilianza nao, na vijana wakasikiliza kama watu wanaoonyeshwa nyumba iliyokwisha jengwa, ikapakwa rangi na kufungwa mlango. Mwaka uliofuata nilianza na sanduku la mbao, mpini wa ufagio na kamba, na kabla ya saa moja kupita kijana mmoja alikuwa ameondoka kitini pake akaomba naye ajaribu. Muziki huu ulianzia mikononi mwa vijana wasiokuwa na pesa za kununua ala, na ukiuingia kwa mlango huo, mtu wa mji wa karindula, ala ya nyuzi inayoundwa kwa pipa la bati, hahitaji kufafanuliwa mengi.

Nyimbo na vifaa

Chagua nyimbo kumi na mbili, usizidishe. Nyimbo za wakati ule ni fupi, nyingi hazifiki dakika tatu, na "What Do You Want?" ya Adam Faith, iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1959, inakwisha kabla dakika mbili hazijatimia. Kwa hiyo nyimbo kumi na mbili ni kama nusu saa tu ya muziki, na muda unaobaki ni wa kurudia, kueleza na kupiga ala. Jioni yenye urefu wa saa mbili unusu inatosha kabisa.

Kupata rekodi zenyewe ndiyo kazi inayodai uangalifu mkubwa kuliko nyingine zote, na hapo ndipo nilipoteleza. Muuza nyimbo mmoja aliwahi kunijazia flashi nyimbo nyingi za kipindi hicho, nikamlipa na kumshukuru, lakini nilipozipiga mbele ya watu nikasikia sauti za wazee wakiigiza ujana wao. Waimbaji wengi wa enzi ile walirudi studio miaka mingi baadaye wakazirekodi upya nyimbo zilizowapa jina, na makusanyo ya bei rahisi huzichanganya rekodi hizo bila kumwambia mnunuzi. Mfano ulio wazi ni "Living Doll" ya Cliff Richard. Kuna ile ya mwaka 1959, ya taratibu na ya upole, na kuna ile ya mwaka 1986 aliyoiimba pamoja na kundi la wachekeshaji wa televisheni. Zote mbili zilifika nafasi ya kwanza nchini Uingereza, lakini ya pili haitakusaidia chochote kueleza mwaka 1959.

Ili kuitambua rekodi halisi, isikilize kwanza peke yako ukiwa umevaa visikilizi. Kwa kawaida santuri za miaka ile zilitengenezwa kwa mono, yaani sauti zote zinakaa katikati ya kichwa chako, hakuna gitaa linalokuja sikio la kushoto na ngoma sikio la kulia. Ngoma husikika mbali kidogo, kama zinapigwa chumba cha pili, na sauti ya mwimbaji imezungukwa na mwangwi mfupi. Ukisikia ngoma nzito inayobamiza na kinanda cha umeme kinachojaza nafasi yote nyuma ya mwimbaji, iache rekodi hiyo na utafute nyingine. Huna sababu ya kukata tamaa, kwa maana kwa sheria ya Uingereza rekodi zilizotolewa hadi mwisho wa mwaka 1962 zimekwisha kutoka katika muda wa ulinzi wa haki za rekodi, na kwa sababu hiyo makusanyo yake ni mengi sana kwenye intaneti. Wingi huo ni msaada na pia ni mtego.

Zipakue zote kwenye simu siku mbili kabla, wala usitegemee mtandao wa saa ile ile. Chaji spika mchana kutwa kila umeme unapokuwepo, na uwe na betri ya akiba. Spika yangu iliwahi kuzimika katikati ya wimbo wa gitaa ambao ungekuwa kilele cha jioni, na hali ya watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakisikiliza haikurudi tena usiku ule. Iweke spika juu ya kiti, mgongo wake ukielekea ukuta, kwa kuwa rekodi hizi zina besi ndogo na ukuta husaidia kuirudisha kwa wasikilizaji. Wajulishe majirani mapema. Washa mbabula, yaani jiko la mkaa, maana usiku wa Juni na Julai hapa kwetu una baridi, na mtu anayetetemeka hasikilizi gitaa.

Anza na gitaa la nyumbani

Wimbo wa kwanza usiwe wa Mwingereza. Uwe wa Mwenda Jean-Bosco, "Masanga", uliorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Hapo kuna gitaa moja tu, halina waya wa umeme, na vidole vya mtu mmoja vinavyofanya kazi ya watu watatu: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha pili kinachora wimbo juu yake. Waache vijana wausikilize hadi mwisho bila maneno. Wengi wao wamewahi kuusikia kwa babu zao na hawajawahi kuukalia kimya.

Kisha, bila maelezo marefu, weka "Rock Island Line" ya Lonnie Donegan. Rekodi hii ilifanyika London tarehe 13 Julai 1954, miaka miwili tu baada ya ile ya Mwenda, na ndani yake mna watu watatu: Donegan anaimba na kupiga gitaa, Chris Barber anashika besi kubwa ya mbao, na mwanamke aitwaye Beryl Bryden anakwaruza ubao wa kufulia nguo. Ubao huo wa bati lenye mawimbi, unaopigwa kwa vidole vilivyovikwa subana za mshonaji, ndio ngoma yote iliyomo. Waombe wasikilizaji wausake kwa masikio. Watu hufurahi sana wanapoupata.

Maneno ya wimbo huu lazima uyaeleze kabla, kwa maana nusu ya kwanza ni hadithi inayosemwa, na mtu asiyejua Kiingereza ataiona ndefu. Dereva wa treni ya mizigo anafika kwenye kituo cha ushuru. Anamwambia mlinzi kwamba amebeba wanyama: ng'ombe, nguruwe, kondoo. Mlinzi anamruhusu apite bila kulipa. Treni ikishapita na kushika kasi, dereva anageuka na kumcheka kwa sauti, anamwambia kwamba amemdanganya, mzigo wote ni chuma ghafi. Katika mji huu, ambao reli na madini ndivyo vilivyouzaa, sijawahi kuona hadithi hiyo ikipita bila watu kuangua kicheko, na mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi relini maisha yake yote, aliniomba niurudishe wimbo mwanzo. "Papa, huyo dereva namfahamu," aliniambia, ingawa mimi ni mdogo kwake kwa umri. Baada ya hadithi, kasi inapanda hatua kwa hatua kama treni yenyewe, na sauti ya Donegan inapanda nayo hadi inakaribia kukatika. Waambie vijana wahesabu kwa kupiga vidole magotini. Watajikuta wameshindwa kufuata.

Hapa pia useme ukweli wa chanzo chake. Donegan alijifunza wimbo huo kutoka kwa rekodi za Lead Belly, mwimbaji Mweusi wa Marekani aliyepiga gitaa la nyuzi kumi na mbili. Vivyo hivyo "Freight Train", uliowapa sifa Chas McDevitt na Nancy Whiskey mwaka 1957, ni wimbo wa Elizabeth Cotten, mwanamke Mweusi wa North Carolina aliyeutunga akiwa bado msichana. Roki ya Uingereza ni mtoto wa muziki wa Weusi wa Marekani, na kuwaficha wazazi wake mbele ya vijana wa Kiafrika ni kosa ambalo siwezi kulivumilia. Yataje majina hayo kwa sauti, tena mara mbili.

Kutengeneza besi ya sanduku

"Rock Island Line" ulipotolewa kwenye santuri ya peke yake, uliingia katika nyimbo kumi za juu nchini Uingereza na hata Marekani mwaka 1956. Donegan mwenyewe alikuwa amelipwa ujira wa siku ile tu, pauni chache, hakupata fungu la mauzo. Lakini vijana wa Uingereza walisikia jambo ambalo hawakuwahi kulisikia: kwamba muziki unaweza kufanywa na watu watatu wenye ala rahisi. Nchi ilikuwa bado inatoka katika uchumi wa vita. Mgawo wa nyama ulikuwa umeondolewa Julai 1954, siku chache kabla ya Donegan kuingia studio. Gitaa lilikuwa ghali, ngoma kamili zilikuwa ndoto, ila sanduku la chai lilipatikana bure. Muziki huo uliitwa skifli, na makundi yake yalichipuka katika kila mtaa.

Tengenezeni sanduku hilo pamoja, mbele ya watu wote, katikati ya jioni. Waingereza walitumia sanduku la mbao nyembamba lililosafirishia majani ya chai. Lilikuwa jepesi, kavu na lenye kuvuma. Sisi tunatafuta sanduku lolote la plaiwudi lenye upana wa kama nusu meta. Ligeuze, mdomo ukae chini na kitako kiwe juu. Toboa tundu dogo katikati ya kitako, pitisha kamba ya nailoni iliyo imara, na kwa ndani uifunge kwenye washa ya bati au kipande cha mti mgumu ili fundo lisichomoke. Chukua mpini wa ufagio, chonga mfereji mfupi kwenye ncha yake ya chini ili ukae juu ya ukingo wa sanduku bila kuteleza, kisha funga kamba kwenye ncha ya juu. Kamba iwe fupi kidogo kuliko mpini, ili mpini uiname kuelekea katikati ya sanduku wakati hakuna anayeuvuta.

Mpigaji anakanyaga sanduku kwa mguu mmoja, anashika mpini kwa mkono wa kushoto na kuchuna kamba kwa mkono wa kulia. Akiuvuta mpini nyuma, kamba inakaza na sauti inapanda. Akiulegeza, sauti inashuka. Kosa ambalo kila mtu hulifanya mara ya kwanza ni kuliacha sanduku limelala sawasawa kwenye sakafu, hewa ikafungwa ndani, na besi ikatoa sauti kama kikohozi cha mtu aliyejifunika blanketi. Ingiza jiwe dogo au kipande cha tofali chini ya ukingo mmoja, sentimita tatu au nne zinatosha, na papo hapo sanduku litafunguka na kunguruma. Kila mwaka nangojea sekunde hiyo kuliko nyingine yoyote ya jioni. Vijana waliokuwa wanazungumza pembeni hunyamaza na kugeuka.

Tafuta sauti tatu tu. Nyimbo nyingi za skifli zinakaa juu ya kodi tatu, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na mwenye gitaa akizishika, mwenye sanduku atazipata kwa sikio baada ya dakika kumi. Kama mtaani kwenu kuna mpigaji wa karindula, mwalike aje na chombo chake, pipa la bati lililovikwa ngozi ya mbuzi, akae kando ya sanduku. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwenzake, hawakuonana. Nasema kwamba vijana wa Liverpool na vijana wa Katanga walitazama takataka za viwanda vya miji yao, wakasikia besi ndani yake.

Soho, kwa ufupi

Baada ya skifli rudi kwenye spika. Eleza kwamba London palikuwa na mkahawa mdogo wa kahawa, 2i's, namba 59 barabara ya Old Compton, mtaa wa Soho, ambao chumba chake cha chini kilikuwa finyu, cha joto na kisicho na nafasi ya kugeuka, na vijana walipiga muziki humo tangu mwaka 1956. Tommy Steele, baharia kijana kutoka Bermondsey ambaye jina lake la kuzaliwa ni Thomas Hicks, aliimba hapo, na kufikia Januari 1957 alikuwa na wimbo wa kwanza nchini, "Singing the Blues". Mwekee nusu wimbo tu. Alikuwa mwigizaji mzuri kuliko alivyokuwa mwimbaji wa roki, na jioni ni fupi.

Kitu kinachowavutia vijana wetu katika sehemu hii ni majina. Meneja Larry Parnes aliwachukua wavulana wa familia za kawaida akawapa majina ya jukwaani yenye moto ndani yake: Reginald Smith akawa Marty Wilde, Ronald Wycherley akawa Billy Fury, Clive Powell akawa Georgie Fame. Anayejua jinsi wanamuziki wa Kongo wanavyojipa majina ataelewa bila tafsiri. Tofauti ni kwamba wavulana wale hawakujipa wenyewe, na si wote walioyapenda waliyopewa.

"Move It" na namna ya kuusikiliza

Sasa waombe watu wanyamaze kabisa. Wimbo wa "Move It" ulirekodiwa na Cliff Richard tarehe 24 Julai 1958 katika studio za EMI, barabara ya Abbey, London. Mwimbaji alikuwa na miaka 17. Alizaliwa Lucknow, India, kwa jina la Harry Webb. Wimbo ulitungwa na mpiga gitaa wake, Ian Samwell, akiwa ndani ya basi, na wenye kampuni waliuweka upande wa pili wa santuri kwa sababu waliuthamini zaidi wimbo mwingine. Jack Good, aliyekuwa akitayarisha kipindi cha televisheni cha vijana, ndiye aliyeusikia na kusisitiza kwamba huu ndio uimbwe. Ulifika nafasi ya pili.

Piga sekunde kumi za kwanza, kisha simamisha. Rudia. Rudia mara ya tatu. Gitaa linaanza peke yake, linashuka kwa nyuzi mbili kwa pamoja kama mtu anayeshuka ngazi akiruka, halafu linatulia juu ya mdundo mzito wa nyuzi za chini ambao hauachi hadi mwisho. Aliyepiga mwanzo huo hakuwa kijana wa kundi bali fundi wa studio, Ernie Shear, mtu mzima aliyeitwa kwa kazi ya siku. Waambie wasikilizaji wausahau uimbaji kwa mara ya kwanza na wafuate huo mdundo wa chini peke yake. Mara ya pili wafuate sauti: kijana hapigi kelele, anaimba kama anayejizuia, na kujizuia huko ndiko kunakoleta joto. Kabla ya wimbo huu Waingereza walikuwa wakiiga roki ya Marekani kwa heshima au kwa utani. Kwangu mimi huu ndio wimbo wa kwanza ambao hawaigi.

Gitaa lisilohitaji maneno

Vijana wengi wa Lubumbashi wanajua Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza kidogo. Kwa hiyo "Apache" ya kundi la Shadows, ya mwaka 1960, ni zawadi kwa mwandaaji, kwa kuwa haina neno hata moja. Shadows walikuwa wapigaji wa Cliff Richard. Awali waliitwa Drifters, wakabadili jina mwaka 1959 kwa sababu Marekani kulikuwa na kundi lingine lenye jina hilo. Hank Marvin alipiga gitaa la Fender Stratocaster ambalo Cliff Richard aliliagiza kutoka Marekani, wakati ambapo magitaa hayo yalikuwa karibu hayajaonekana Uingereza. Bruce Welch alishika mdundo, Jet Harris besi, Tony Meehan ngoma. Sauti ya ngoma ya Kichina unayoisikia mwanzoni na mwishoni ilipigwa na Cliff mwenyewe, na wimbo ulipofika nafasi ya kwanza ulimwondoa yeye juu, maana wimbo wake ndio uliokuwa umekaa hapo.

Mwombe mpiga gitaa wenu, kaka au mjomba yeyote aliyepo, aitafute melodi hiyo papo hapo. Ni ya polepole na inatembea juu ya uzi mmoja kwa muda mrefu, hivyo mwenye sikio ataipata. Atakachokosa ni mwangwi: Marvin alipitisha gitaa lake kwenye mashine iliyorudisha kila noti nyuma yake kidogo. Mwambie mpigaji wenu akae karibu na ukuta wa kona, pale sauti inapogonga matofali na kurudi. Haitakuwa sawa, lakini watu wataelewa kilichokuwa kikitafutwa.

Billy Fury na Johnny Kidd

Ningekuwa na nafasi ya mwimbaji mmoja tu, ningemchagua Billy Fury. Alizaliwa Liverpool mwaka 1940, akaugua homa ya baridi yabisi utotoni, nayo ikauharibu moyo wake. Alifariki Januari 1983 akiwa na miaka 42. Mwaka 1960 alitoa santuri ya nyimbo kumi, "The Sound of Fury", na nyimbo zote kumi alizitunga mwenyewe, nyingine akitumia jina la uongo, jambo ambalo karibu hakuna mwimbaji mwenzake wa Uingereza aliyelifanya wakati huo. Gitaa limepigwa na Joe Brown. Chagua wimbo wowote wa santuri hiyo, kisha uufuatishe na "Halfway to Paradise" wa mwaka 1961, ili watu wasikie jinsi meneja na kampuni walivyomvalisha vinanda vya nyuzi na kumfanya mwimbaji wa mapenzi. Wimbo wa pili ni mzuri, naupenda, lakini kijana wa ule wa kwanza amefichwa ndani yake, na wasikilizaji wataona wenyewe usipowaambia.

Mara baada ya hapo weka "Shakin' All Over" ya Johnny Kidd na Pirates, uliofika nafasi ya kwanza Agosti 1960. Kidd, aliyezaliwa Frederick Heath, alipanda jukwaani amefunika jicho moja kama haramia. Gitaa la Joe Moretti linateremka noti moja moja, na kila baada ya Kidd kutaja kutetemeka, nyuzi zinatoa sauti inayotetemeka kama bati likipigwa na upepo. Moretti aliipata kwa kuteleza kiberiti cha gesi cha mwenzake, mpiga besi Brian Gregg, juu ya nyuzi. Fanyeni hivyo hivyo: chukua kiberiti cha chuma kilicho laini, kiburuze haraka kwenye nyuzi nyembamba juu ya shingo ya gitaa, bila kukandamiza. Kila mtoto aliyepo ataomba zamu. Kidd alikufa katika ajali ya gari Oktoba 1966, akiwa na miaka 30.

Kumaliza

Wasichana waliohudhuria watakuwa wamekwisha kuuliza kama hakuna mwanamke zaidi ya yule wa ubao wa kufulia, na wana haki ya kuuliza. Wawekee sauti ya Helen Shapiro, msichana wa London aliyekuwa na sauti nzito kiasi kwamba wengine walidhani ni mvulana, na aliyeshika nafasi ya kwanza mwaka 1961 kwa "You Don't Know" akiwa na miaka 14. Mwaka 1963, alipozunguka nchi akiimba kwenye kumbi, miongoni mwa waliofungua maonyesho yake walikuwa vijana wanne wa Liverpool waitwao Beatles.

Kabla ya kuwafikia, pitia "Telstar" ya Tornados, ya mwaka 1962, iliyotengenezwa na Joe Meek katika nyumba ya kupanga juu ya duka, barabara ya Holloway, London, kwa nyaya na mashine alizojiundia mwenyewe. Jina ni la setilaiti iliyorushwa Julai ya mwaka huo. Desemba ulifika kileleni Marekani, kundi la kwanza la Uingereza kufanya hivyo kwenye orodha kuu ya huko, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Beatles. Watu waangalie juu wanapousikiliza. Anga ya kiangazi hapa kwetu ni safi.

Halafu sasa, na sasa tu, weka "Love Me Do", uliotolewa tarehe 5 Oktoba 1962. Waeleze kwamba John Lennon alikuwa na kundi la skifli, Quarrymen, lenye besi ya sanduku la chai, na kwamba alikutana na Paul McCartney tarehe 6 Julai 1957, siku ya sherehe ya kanisa mtaani Woolton, Liverpool, ambako kundi hilo lilikuja kupiga. Waonyeshe sanduku lenu wakati unasema hivyo.

Wimbo ukiisha, zima spika. Gitaa lianze kodi tatu, mwenye sanduku aingie, mwenye ubao afuate, na kila anayetaka aimbe maneno ya Kiswahili anayoyajua. Mwaka jana walichagua wimbo wa Mwenda na hawakuuacha hadi mama mwenye nyumba alipotoka nje kutukumbusha saa. Funga shughuli kabla ya saa tatu usiku kama ulivyowaahidi majirani. Mpini uondolewe, kamba izungushwe juu yake, na sanduku liingizwe ndani lisilale nje, kwa sababu umande wa Julai huiloweka plaiwudi, na kesho yake haitavuma.